Mrina Asali wa Makere

Wasifu wa mzee tuliyemzika Makere ulisomwa kwa dakika chache: alizaliwa, alioa, alizaa, ameacha wajukuu na vitukuu. Kazi: mkulima. Mkulima! Kulima alilima, na nani huku Buha halimi mahindi na maharage? Ila mzee yule alikuwa mrina asali na mtengeneza mizinga, na ada za watoto pamoja na mabati ya nyumba yake vilitoka juu ya miti.

Mzinga wa gome aliutengeneza masika, mti unapojaa maji na gome linakubali kubanduka. Alizunguka myombo aliouchagua akiugonga kwa mgongo wa panga, sikio karibu na shina. Akikata, alikata pete mbili, moja juu na moja chini, kisha mchano mmoja wa wima. Hapo ndipo haraka ilipokuwa haramu. Alipenyeza kabari ya mti taratibu, akaisogeza, akapumzika, mpaka gome likaachia zima bila ufa. Mchano aliurudisha na kuubana kwa vijiti vilivyochongwa, ncha mbili akaziziba kwa visahani vya nyasi zilizosukwa, kimoja kikiwa na kitundu cha nyuki kupitia. Ndani alipaka nta ya zamani, nyuki wasikie harufu ya kwao. Mzinga ukapandishwa kwa kamba, na kazi iliyobaki ilikuwa kusubiri.

Kweli, mti uliobanduliwa hivyo hufa, na maafisa misitu hawakosei wanapoukataza mzinga wa gome. Naye alilijua hilo. Uzeeni aliacha kubandua, akawa anatoboa magogo ya miti iliyokwisha kuanguka yenyewe. Kutoboa gogo ni kazi ya siku nyingi kwa mikono iliyochoka, lakini sikumsikia akilalamika.

Kurina alirina usiku. Sisi watoto wa jirani tulisimama chini na ndoo, yeye juu na kifurushi cha majani kinachotoa moshi bila kuwaka. Masega ya asali yalishuka, ya majana yakabaki. Aliyeomba hata kipande cha majana aonje alijibiwa kutoka huko juu, "Hayo si yetu, mwanangu." Nyumbani bakuli la kwanza lilikuwa la mkewe, na hakuna mtoto aliyethubutu kulitia kidole.

Ujanani alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kama Waha wengi wa rika lake, akarudi na baiskeli. Operesheni ya 1972 ya kuwakusanya watu vijijini ikamhamishia kijiji cha kando ya barabara. Mizinga ikabaki porini, naye akaendelea kuifuata huko huko kwa miguu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kupokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, akapata wateja wapya na marafiki wawili watatu wa kutoka Fizi waliomzidi maneno. Warundi walipomiminika 2015, pori lilikuwa limeshaanza kupungua. Ni rahisi kuwatupia wakimbizi lawama yote, maana wanapika kwa kuni na kuni haziletwi na upepo. Lakini mkaa unaouzwa Kasulu mjini umechomwa na nani? Na mashamba mapya yanayokula miyombo ni ya nani kama si yetu?

Siku hizi anayeitwa mrinaji mara nyingi ni kijana mwenye kiberiti. Anawasha moto kwenye tundu la mti, nyuki wanaungua, anakomba asali na majana pamoja, halafu barabarani anakuuzia chupa ya maji iliyojaa asali yenye ladha ya moshi na sukari. Mizinga ya kisasa ya mbao iligawiwa pia, mizuri kabisa, ila mafunzo yalikuwa ya siku moja na posho. Mmoja niliukuta uani kwa mtu, kuku amelalia mayai ndani yake.

Baada ya matanga nilimwuliza kitindamimba wa marehemu, dereva wa bodaboda, mizinga ya baba yake iko miti gani. Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya mto, akasema tu, "Huko." Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyewahi kuipandisha kwa kamba, yuko Dar es Salaam anauza vifaa vya simu, na mama yao anasema hata akija likizo hafiki porini.