Jina la Boxer lilivyopata nafasi Singida

Ingia duka la spea mjini Singida, uombe klachi ya Bajaji. Muuzaji ataelewa kwamba unatengeneza chombo cha matairi matatu. Ukitaka ya pikipiki, itabidi useme Boksa. Kampuni ni moja, majina mawili, na kila jina lina rafu yake. Mgawanyo huo haukupangwa kiwandani, bali umetokana na lugha yetu.

Bajaj ni jina la ukoo wa wafanyabiashara wa India. Watanzania waliliongezea irabu mwishoni, likawa bajaji, kisha likaacha kuwa mali ya kampuni. Leo hata chombo cha matairi matatu cha kampuni ya TVS abiria hukiita bajaji. Kwa mtengenezaji, sifa hiyo ilikuja na gharama: pikipiki yake ya matairi mawili isingeweza tena kuitwa bajaji, maana neno lilishapata mwenyewe. Kwa hiyo jina la modeli, Boxer, likabeba kazi ya jina la kampuni.

Liliiweza kwanza kwa sababu ya matamshi. Ulimi uliozoea boksi na teksi haupati shida na boksa: silabi mbili, mwisho irabu. Linganisha na HLX, pikipiki ya TVS: herufi tatu zisizo na irabu hata moja. Kijiweni husikika zaidi TVS, nayo ni herufi za jina la T. V. Sundram Iyengar, aliyeanzisha biashara hiyo mwaka 1911. Jina la kampuni limeimeza modeli, na anayetaka spea sahihi lazima ataje CC: 100, 125 au 150.

Sababu ya pili ni kazi. Boxer maana yake ni bondia, lakini sidhani kama bondia ndiye aliyeiuza Iramba au Ikungi. Kilicholipa jina uzito ni gunia la alizeti na tenga la kuku lililofika mnadani kwa njia ya vumbi. India inathibitisha hilo. Kule jina hilo lilitumika kwa pikipiki nafuu za CC 100, na mwaka 2011 Bajaj ikalirudisha kwa CC 150. Wanunuzi wa kiwango hicho walikuwa tayari na Pulsar ya kampuni hiyohiyo. Kazi ilikuwa na mwenyewe, na Boxer haikushika. Jina lilelile ambalo Afrika limetia mizizi, nyumbani kwake lilikosa nafasi.

Ndiyo maana nawasihi watengenezaji na waagizaji: kabla jina jipya halijabandikwa kwenye tangi la mafuta, lipelekeni kwa fundi wa Kiomboi au Manyoni. Mwombeni alitamke, kisha aagize spea kwa jina hilo. Akilazimika kueleza mara ya pili, tafuteni jina jingine.