Kabla Kisu Hakijashuka

Filamu za visu zina sifa mbaya, na sehemu kubwa ya sifa hiyo zimeichuma zenyewe. Hadithi ni ileile: vijana wako peke yao kambini, au kwenye nyumba ambayo wazazi wametoka, muuaji aliyeficha uso anawamaliza mmoja baada ya mwingine, anabaki msichana mmoja. Watengenezaji walikuwa na pesa kidogo na haraka kubwa ya kuzirudisha. Nyingi hazistahili usiku wako. Lakini zipo chache zilizofanywa na mafundi hasa, na anayetafuta damu tu atazipita bila kuzitambua, kwa sababu ufundi wake uko kabla ya kisu.

Kwa hiyo tazama kwanza namna filamu inavyokusubirisha. Kifo chenyewe ni sekunde chache, na hizo hata mwongozaji wa kubahatisha anazipata kwa shira na rangi nyekundu. Alfred Hitchcock katika Psycho ya 1960 alitumia shira ya chokoleti, maana picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kinachobaki, saa nzima na zaidi, ndicho kinachopima mkono wa mtu.

Chukua Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Iligharimu kama dola 300,000, ikaingiza dola milioni 70 hivi, na damu ndani yake karibu haipo. Mchana kweupe, Laurie, msichana wa hadithi hii, yuko darasani. Anatupa jicho dirishani: ng'ambo ya barabara kuna gari, na mtu amesimama kando yake. Anatazama tena, hayupo. Hakuna kilichotokea, lakini tangu hapo huwezi kuiamini picha. Carpenter na mpiga picha wake, Dean Cundey, walipiga kwa fremu pana, na ile nafasi tupu upande mmoja wa Laurie inageuka mahali ambapo mtu anaweza kutokea. Wewe mwenyewe unaanza kukagua vichaka, milango, nguo zilizoanikwa uani. Filamu mbovu ya aina hii inakutisha kwa paka aliyeruka kutoka kabatini. Hii inakuachia fremu tupu, woga unauleta mwenyewe.

Karibu na mwisho, Laurie ameegemea ukuta kando ya mlango wenye giza. Nyuma yake kinyago cheupe kinajitokeza taratibu, kama macho yako ndiyo yanayozoea giza. Cundey alitega taa ndogo karibu na kinyago, mwanga wake ukapandishwa kidogokidogo. Gharama ya onyesho ambalo watu wanalikumbuka mpaka leo ni taa moja na mtu mwenye subira.

Kinyago chenyewe kilikuwa cha Kapteni Kirk wa Star Trek, kilinunuliwa kwa chini ya dola 2, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Kipime kila kinyago kwa hicho. Uso uliokunjwa kwa hasira, wenye meno na mishipa, umekwisha kukwambia muuaji anataka nini. Uso usio na kitu haukwambii lolote, na mtu asiyesomeka ndiye anayetisha. Umaskini wa bajeti uko kwenye mahali pia. Filamu ilipigwa California wakati wa machipuko huku ikijifanya Illinois ya vuli, kwa hiyo majani makavu yalikuwa ya kupakwa rangi, yanamwagwa barabarani, yanakusanywa, yanamwagwa tena. Mitende ya California inaonekana kwa mbali hapa na pale. Hilo ni kosa la kusameheka. Kosa lisilosameheka ni usipoelewa nyumba imekaaje: ngazi ziko wapi, mlango wa nyuma unatokea wapi. Bila ramani hiyo kichwani, kukimbizana ni kelele tu.

Masikio nayo yana kazi. Piano ya Halloween, ambayo Carpenter aliitunga mwenyewe, ina mapigo matano mahali ambapo sikio linangoja manne, basi haitulii. Waliokulia kwenye vibanda umiza, mtafsiri akimwaga maneno juu ya kila ukimya, walipata hadithi na kicheko, woga ukabaki kwenye kanda. Kama ulizitazama hivyo, zirudie peke yako, sauti ikiwa ya asili.

Anayedhani giza ndilo linalotisha aitazame The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, ya 1974. Mengi ndani yake yanatokea juani. Msichana anainuka kwenye bembea, kamera inapita chini ya bembea ikimfuata mgongoni, na nyumba inazidi kuwa kubwa mbele yake. Muuaji anapotokea mara ya kwanza hakuna muziki wa kututayarisha: nyundo, mwili unaanguka, mlango wa chuma unafungwa kwa kishindo, basi. Ilipigwa majira ya joto kali ya Texas mwaka 1973, kwa filamu ya milimita 16, na ile chembechembe ya picha inaifanya ionekane kama ushahidi. Bei yake wengine waliilipa kwa miili yao. Onyesho la chakula cha usiku lilipigwa kwa zaidi ya saa 24 mfululizo, nyama ikioza chini ya taa, na mwigizaji Marilyn Burns alichanjwa kidole kweli baada ya mrija wa damu bandia kuziba. Napenda filamu hii kuliko zote za aina yake, na onyesho hilo siwezi kulisifu bila kusita.

Friday the 13th ya Sean Cunningham, ya 1980, nailetea mashtaka. Iligharimu dola 550,000 hivi, na fundi wake wa mekapu, Tom Savini, aliifanyia makubwa. Mwigizaji Kevin Bacon alipiga magoti chini ya kitanda, kichwa kimepenya juu, shingo na kifua ni vya bandia, mshale unatokeza kooni. Bomba la damu lilipochomoka, msaidizi wa Savini, Taso Stavrakis, alilidaka akapuliza kwa mdomo, na damu ikachuruzika vizuri zaidi ya ilivyopangwa. Lakini ondoa kazi ya Savini uone kilichobaki: Alice, msichana anayebaki, anachemsha kahawa hatua kwa hatua, huku hatujui tumwogopee nini. Tena muuaji ni mtu ambaye hatujamwona hata mara moja kabla hajajitambulisha. Fumbo la namna hiyo ni udanganyifu. Nairudishia alama moja: kwenye sinema steringi hafi, na hapa msichana wa mwanzo, mchangamfu na mwenye mzigo mgongoni, anachukuliwa na kila mtu kuwa ndiye steringi. Anauawa mapema.

Aibu kubwa ya filamu hizi ni jinsi zinavyowatendea wasichana. Kamera inawachungulia wakivua nguo, kisha inawaua polepole kuliko wavulana. Mwaka 1987 msomi Carol Clover aliandika kuhusu yule msichana wa mwisho anayebaki hai, na akaonyesha kwamba hata watazamaji wa kiume wanaishia kuogopa kupitia macho yake. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haiwafuti wenzake waliokufa. Mimi nasikiliza mazungumzo. Katika Halloween, ambayo Debra Hill aliiandika pamoja na Carpenter, marafiki zake Laurie, Annie na Lynda, wanasengenya, wanaazimana vitu, wanamtania Laurie; wakifa kuna watu wamepungua. Ikiwa dakika ya 40 imefika na huwezi kuwataja wahusika ila kwa rangi za fulana zao, zima.

Za siku hizi tatizo lake ni jingine. Terrifier 2 ya Damien Leone, ya 2022, iligharimu kama dola 250,000 na ikaingiza zaidi ya milioni 10. Vidonda vyake ni kazi ya mikono, na Leone aliishiriki mwenyewe. Lakini ina urefu wa dakika 138, na mauaji yanaendelea mpaka mshtuko unageuka uchovu. Onyesho bora liko dukani: msichana Sienna amesimama, na klauni muuaji, ambaye hasemi neno filamu nzima, anajaribu miwani ya jua, moja baada ya nyingine. Ningepewa mkasi ningekata dakika 40, na hapo nisingegusa.