Safari Hupangwa Mezani

Wanaoijua Boundary Waters huianza safari yao ya Julai mwezi wa Januari, theluji ikiwa ingali magotini. Mwishoni mwa mwezi huo ndipo vibali hufunguliwa, na anayetaka kuingia katikati ya kiangazi sharti ajue mapema anaanzia ziwa gani, tarehe ngapi, na wenzake ni wangapi. Kikundi hakizidi watu 9 na mitumbwi 4. Kibali hukupa mlango na siku ya kuingia tu. Ukishapita, utalala wapi na utatokea wapi ni juu yako.

Eneo lenyewe liko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ubavuni mwa mpaka wa Kanada: karibu hekta 440,000 za misonobari, miamba na maziwa yanayopita 1,000. Sheria ya 1978 ilizuia injini katika sehemu kubwa ya maji yake. Unapiga kafi mpaka ziwa liishe, unashuka, unajitwika mtumbwi na mizigo, unafuata kijia cha msituni hadi ziwa linalofuata, unapakia upya. Ndivyo siku zinavyokwenda kule.

Mimi uzuri wa safari hii nimeuona zaidi kwa kumtazama shemeji yangu akiipanga. Ni mzaliwa wa upande huo, na Kiswahili alikiokota Tanga, alikokutana na dada yangu. Chakula cha jioni kikishaondolewa hutandika ramani mezani, hulowesha uzi, kisha huulaza polepole juu ya maji yaliyochorwa, akifuata kila kona ya ufuo. Mtu mwenye haraka angepima kwa mstari ulionyooka. Yeye anajua kwamba mtumbwi hautakiwi kukata ziwa kubwa katikati upepo unapovuma, hivyo hupima njia ya kando, ile watakayoipita kweli siku mbaya.

Ramani hizo, za Fisher au McKenzie, huonyesha kila kambi kwa nukta nyekundu, na kila kijia cha kubebea mizigo kina tarakimu yake. Tarakimu ni ya rodi, kipimo cha zamani cha karibu mita 5, kiasi cha urefu wa mtumbwi mmoja. Kijia cha rodi 100 ni nusu kilomita, na mgeni akikiona hukidharau. Hapo shemeji huuliza: mtabeba mara ngapi? Mkibeba vyote kwa mkupuo mmoja, mmetembea nusu kilomita. Mkigawa mzigo mara mbili, mmekwenda, mmerudi mikono mitupu, mmekwenda tena. Imekuwa kilomita moja na nusu juu ya mawe yenye utelezi, mbu wakiwaandama, na siku ina vijia vinne au vitano vya namna hiyo.

“Shemeji,” aliniambia siku moja akinisogezea mizani ya jikoni, “kule kilo ni kilomita.”

Tangu hapo nimeelewa kwa nini kazi yake kubwa ni kuondoa. Mtumbwi wa alumini wa futi 17 una uzito wa kilo 34 hivi. Wa Kevlar wenye urefu uo huo hauzidi sana kilo 19, na maduka ya kukodisha vifaa katika mji mdogo wa Ely huwa nao tele. Uamuzi huo mmoja tayari umeokoa kilo 15. Baada ya hapo anashuka kwenye vitu vidogo, na huko ndiko uhodari wake unakoonekana. Sufuria huingiana moja ndani ya nyingine. Kila mtu ana nguo za kuvaa mchana na nguo kavu za kulalia, basi, na hizo za kulalia hazivaliwi nje hata kukiwa na baridi kiasi gani, kwa kuwa mtu akilowa maji ya kaskazini jioni ndizo zitakazomrudishia joto. Sweta la sufu linabaki, jinzi haiendi, kwa sababu ikilowa haikauki. Jiko dogo la gesi linakwenda ingawa kila kambi ina meko ya chuma, maana miezi ya ukavu mamlaka ya msitu huweza kupiga marufuku moto wa kuni.

Chakula ni mada ndefu nyumbani kwao. Kanuni zinakataza makopo na chupa za vinywaji na vyakula, kwa hiyo kila kitu huhamishiwa mifukoni. Dada yangu hupika chapati za siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo ni mchele, dengu, vitunguu vilivyokaushwa, na ule mchele mwitu ambao Waojibwe wa nchi hiyo wamekuwa wakiuvuna kwa mitumbwi tangu zama za mababu zao. Kila mlo una mfuko wake ulioandikwa siku, na mifuko hupangwa kinyumenyume, chakula cha siku ya mwisho chini kabisa. Chai ya iliki haina siku. Hiyo huwekwa mahali ambapo mkono unaifikia.

Mpango huohuo ndio unaotawala shanta. Wao hutumia mashanta ya Duluth, ya turubai zito na mikanda ya ngozi, mapana kama bahasha ili yalale chini ndani ya mtumbwi yasiupindue. Hati miliki yake ilichukuliwa na Camille Poirier wa Duluth mwaka 1882, na umbo halijabadilika sana. Ndani hutangulia mfuko mkubwa wa plastiki, kisha begi la kulalia, nguo, hema. Juu kabisa hukaa turubai la mvua na kamba zake, kwa sababu mkifika kambini mvua ikinyesha ndilo la kwanza kutakiwa, na lisipokuwa juu italazimu kufungua vyote vilowe. Baadhi ya mashanta hayo yana ukanda wa kupitisha kichwani, kama ule wanaobebea kuni akina mama wa Kikikuyu. Wapagazi wa biashara ya manyoya walipita vijia hivi kwa ukanda wa namna hiyo, kila mmoja na marobota mawili ya kilo 41 hivi.

Halafu kuna saa. Upepo kwa kawaida huzidi mchana, kwa hiyo ziwa kubwa hupangiwa alfajiri na vijia hupangiwa saa za jua kali. Kambi haziwekwi nafasi. Anayewahi ndiye anayelala, kwa hivyo shemeji huhesabu kufika nukta nyekundu saa nane mchana, na pembeni yake huandika nukta ya pili na ya tatu endapo ya kwanza ina watu. Katika kila safari huacha siku moja isiyo na mwendo. Vijana humwomba aitumie kwenda mbali zaidi. Hakubali, nami namuunga mkono, kwani siku hiyo ndiyo akiba ya dhoruba. Tarehe 4 Julai 1999 upepo mkali uliangusha mamilioni ya miti katika msitu huu kwa saa chache, ukafunga vijia na kuwazingira wapiga kambi.

Dubu nao wana ukurasa wao: kamba ndefu ya kuning'inizia chakula mbali na shina, au pipa gumu lisilofunguka kwa makucha, na mtu aliyepewa kazi hiyo kila jioni kwa jina.

Mpango ukikamilika hunakiliwa. Nakala moja hubaki kwa dada yangu, ikiwa na njia yote, rangi ya mitumbwi, na saa ambayo, wasipoonekana, apige simu kwa sherifu wa kaunti. Nakala ya pili hurudi kutoka msituni imejaa maandishi ya penseli: wali ulibaki, sukari haikutosha, kijia hiki kina tope hadi magotini. Kitu kilichorudi bila kuguswa mara mbili hakipandi tena mtumbwini, isipokuwa dawa za huduma ya kwanza na kamba ya akiba.