Neno "Lakini" katika Wimbo Ulio Bora 1:5

Katika Biblia ya Union Version, ambayo wengi wetu tumekua nayo, mwanamke wa Wimbo Ulio Bora anajitambulisha kwa binti za Yerusalemu katika sura ya kwanza, mstari wa tano. Anasema mambo mawili juu ya mwili wake: ni mweusi, na ni mzuri. Katikati ya mambo hayo watafsiri wameweka neno "lakini". Tunataka kulipima neno hilo, maana tunalisikia pia nje ya Biblia. Bibi harusi anapotambulishwa kwa ukoo, shangazi mmoja humnong'oneza mwenzake: ni mweusi, lakini mzuri. Mtoto akizaliwa, watu huuliza kama ni mweupe hata kabla ya kuuliza jina. Msichana aliyekua akisikia hayo hutafuta namna ya kuiondoa "lakini" yake, na wapo wanaoitafuta kwenye kopo la mkorogo, wenye zebaki ndani yake, ambayo mwisho wake huharibu figo.

Katika Kiebrania, mahali pale pana herufi moja tu iliyoshikamana na neno linalofuata, husomwa "ve", na kazi yake ya kila siku ni ile ya "na" yetu. Ni kweli kwamba inaweza kubeba maana ya "lakini" pale mambo mawili yanapopingana, kwa hiyo hatuwezi kuwashtaki watafsiri kwa uongo. Walipaswa kuamua kama weusi na uzuri vinapingana, nao wakaamua kwamba ndiyo. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki zamani waliandika "kai", yaani "na". Jerome katika Kilatini akaandika "sed", lakini. Mwalimu wetu Luther akaandika "aber", lakini, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikasema vivyo hivyo. Union Version ya mwaka 1952 imesimama katika mstari huo. Imeongeza na kitu kingine: haikusema "mweusi", imesema "mweusi-mweusi", kama mtu anayeomba radhi kwa kupunguza kidogo. Kiebrania cha mstari wa tano hakipunguzi. Ni mweusi, basi.

Je, tuna sababu ya kuchagua "na", au tunajipendelea tu? Sababu iko ndani ya kitabu chenyewe. Nendeni sura ya tano, mstari wa kumi na wa kumi na moja, mwanamke anapomsifu mpenzi wake. Anasema kwamba anang'aa kwa weupe, tena ni mwekundu. Herufi inayounganisha rangi hizo ni ileile ya 1:5, lakini hapo Jerome hakuandika "sed" wala Luther hakuandika "aber". Wote wawili waliandika "na". Kisha mwanamke anazitaja nywele za mpenzi wake: ni nyeusi kama kunguru, na hiyo ni sifa. Neno la Kiebrania la weusi wa nywele hizo ndilo neno la weusi wa ngozi yake mwenyewe. Kitabu kinachosifu weusi kwenye nywele hakina haja ya kuutetea kwenye ngozi.

Tafsiri haikubaki peke yake. Origen, aliyefundisha Aleksandria katika karne ya tatu, alisoma weusi wa mwanamke huyu kuwa dhambi zake za zamani, na uzuri wake kuwa toba. Ufafanuzi huo ulidumu, na bado uko katika madarasa ya shule ya Jumapili yanayotumia karatasi za rangi: nyeusi ni dhambi, nyeupe ni moyo uliosafishwa. (Nabii Isaya, katika sura yake ya kwanza, anaipaka dhambi rangi nyekundu.) Mtoto wa miaka sita haambiwi kwamba karatasi inazungumzia moyo tu na haihusu mkono wake ulioishika.

Hata hivyo, hatupendi mstari huu ugeuzwe kuwa bango. Mstari wa sita unatuzuia. Mwanamke anawaambia binti za Yerusalemu wasimkodolee macho, kisha anaeleza: jua limemwunguza, kwa sababu ndugu zake walimkasirikia wakampeleka kulinda mashamba ya mizabibu, na shamba lake mwenyewe hakulilinda. Hapa hazungumzi kama mtu aliyekwisha kupona aibu. Anajieleza mbele ya watu wasiomtaka maelezo, kama anavyofanya kila aliyetazamwa sana. Tena waliomtwika kazi ya juani ni wana wa mama yake. Kwa hiyo tungesema hivi: "lakini" ni sauti ya binti za Yerusalemu, na mwanamke anaisikia vizuri kabisa. Jibu lake ni "na". Mtafsiri aliyeandika "lakini" amemtia kinywani neno la wanaomtazama.

Katekisimo Ndogo inatupa msaada ambao tunaupita haraka. Vijana wa Kipaimara hukariri maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, pale Luther anapofundisha kwamba Mungu ameniumba, akanipa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote. Luther anaanza na mwili, anahesabu, na katika hesabu hiyo hakuna kiungo kinachoombewa radhi. Mwalimu wa Kipaimara akifika hapo, asisubiri ukariri uishe. Aulize kila kijana ni kiungo gani angependa kukiruka. Watanyamaza kwanza. Wakishaanza kusema, kipindi hakitatosha.

Katika Wimbo wenyewe, mpenzi anajibu. Katika 1:15 anamwambia mara mbili kwamba ni mzuri, na sentensi yake haina kiunganishi chochote cha kupinga. Katika 4:7 anasema hakuna kasoro ndani yake. Kabla ya hapo ametaja macho, meno, midomo, shingo. Nywele zake amezifananisha na kundi la mbuzi wanaoshuka mlimani Gileadi. Mbuzi wa nchi zile ni weusi, na kwa manyoya yao zilifumwa hema za Kedari, zile ambazo mwanamke alijifananisha nazo katika mstari wa tano.