Uhakiki wa Istilahi ya 'Upasuaji wa Macho': Kutoka Vikope hadi Upandikizaji wa Konea, Masasi na Newala

Sehemu hii inahakiki namna Kiswahili kinavyotaja tiba ya jicho katika Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Hoja yake ni kwamba istilahi moja, 'upasuaji wa macho', inabeba ahadi tatu zisizolingana.

Ahadi ya kwanza ni ya mtoto wa jicho: lenzi yenye ukungu hutolewa, ya bandia huwekwa, na mara nyingi mgonjwa huona vyema baada ya siku chache. Ya pili ni ya vikope. Maambukizi ya trakoma yanayojirudia huacha makovu ndani ya kope, nayo hujikunja hadi nywele zake zikwaruze konea. Upasuaji hugeuza ukingo wa kope nje. Hauondoi kovu lililokwishaingia kwenye konea. Jaribio la kitabibu la Lindi na Mtwara, lililochapishwa 2013, lilipima mafanikio hasa kwa kutazama kama kope zimejikunja tena. Kwa tabibu, kope iliyonyooka ni ushindi. Kwa mzee aliyeshuhudia jirani yake akitolewa mtoto wa jicho, ushindi ni kuona.

Ahadi ya tatu ni ya upandikizaji wa konea, uliofaulu kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1905, mikononi mwa Eduard Zirm. Hapa pia neno 'kupona' halitoshi. Nyuzi na kidonda kinachofunga huivuta konea mpya isivyo sawa, na mwanga haukutani mahali pamoja. Hiyo ndiyo astigimatizimu: konea ni angavu, lakini taswira imepinda. Usahihishaji huenda hatua kwa hatua: kurekebisha au kuondoa nyuzi, miwani, lenzi ngumu za kuvaa, kisha, zikishindikana, mikato midogo ya kulegeza upande uliopinda zaidi. Tiba hii hudai ufuatiliaji wa miaka, si ziara moja ya kambi ya macho.

Kwa hiyo inapendekezwa kutenganisha upasuaji wa kurejesha uoni, wa kuukinga na wa kuusahihisha. Utengano huu haupunguzi thamani ya upasuaji wa vikope. Unaonyesha kwa nini uwahiwe kabla konea haijapata kovu. Mgonjwa wa Newala anayeambiwa 'utapasuliwa macho' bila ufafanuzi huo ametoa ridhaa kwa neno, si kwa tiba.