Ufundi wa Kutosema Yote

Tarehe 8 Agosti 2017, Wakenya wakiwa kwenye foleni za kupiga kura, mwanamume mmoja jijini Nairobi alipigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Siku chache tu, picha ikawa imeenea nchi nzima. Mafundi wasiojulikana walimkata kutoka foleni yake wakamsimamisha pembeni mwa viongozi wa dunia, mfuko mkononi, akiendelea kutafuna.

Mgeni angeona mtu anakula. Mkenya aliona githeri ya shule ya bweni, ile ya mahindi magumu iliyolea vizazi. Aliona subira ya watu waliodamka usiku kuwahi foleni. Aliona pia hofu ikitulizwa, maana damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa 2007 haikuwa imesahaulika, na hapa alisimama mtu aliyetulia na chakula chake. Hayo yote hayakuandikwa popote pale. Siku 20 baadaye Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa hiyo hata ule mfuko sasa una tarehe yake.

Sisi wa Pwani tuliuonja ufundi huu kabla ya simu, kwa sababu tulilelewa na leso: mji, pindo, na jina lake. Shangazi yangu alinuniana na jirani kwa ajili ya mnazi uliosimama mpakani. Asubuhi moja akajifunga leso yenye jina “Japo sipati, tamaa sikati”, akapita mbele ya baraza la yule bibi polepole, bila kugeuza shingo. Maneno yalikuwa nyuma, kwa hiyo jirani aliyasoma shangazi alipokwisha kupita. Hayo ni maneno ya mapenzi, kila mtu Mombasa anayajua. Siku ile yalikuwa maneno ya madafu. Na nani angemshika? Leso huuzwa kwa yeyote, na aliyeyatunga hakuwajua wote wawili. Jirani mwenyewe ndiye aliyekamilisha fumbo, akalijibu wiki hiyohiyo kwa leso yake, na mtaa mzima ukasoma.

Ndivyo meme nzuri inavyofanya kazi. Picha ni ya wote, maneno ni machache, na kilichobaki kinatoka kwa anayetazama. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling’amua.

Mpwa wangu ana mkono huo. Nimemtazama akikata picha kwa kidole kwenye kioo cha simu, akiikuza hadi nywele zionekane mojamoja, akifuta kivuli kilichobaki begani. Kisha huja maneno. Huandika sentensi nzima, akaisoma kimoyomoyo, akafuta neno, akafuta jingine, hadi yabaki matatu. Mara nyingine huyafuta yote, picha iseme peke yake. Uso anaoupenda zaidi ni wa Osita Iheme, Mnigeria aliyeigiza mtoto mtukutu katika filamu ya Aki na Ukwa ya mwaka 2002 ilhali alikuwa mtu mzima: umbo dogo, macho ya mtu aliyeona mengi. Sisi tuliokua na filamu za Nigeria sebuleni, uso ule unatutosha.

Sasa angalia tunachotumiana. Picha imebandikwa nembo katikati ya uso. (Leso nazo zina alama ya mwenye mali, “Mali ya Abdulla”, lakini ni herufi ndogo, haziligusi jina.) Anayesemwa ametajwa waziwazi, kwa hiyo fumbo limekuwa tusi. Nyuso nyingine zimetungwa na programu za akili bandia: nyuso laini ambazo hazikuwahi kusimama foleni wala kula chakula cha shule, na hakuna awezaye kusema huyu namjua. Wanaozituma hawajali zilikotoka, na kesho hawazikumbuki. Mimi la mnazi ule nalikumbuka mpaka leo.

Juzi mpwa wangu alinitumia kazi yake mpya. Picha ilikuwa safi, imechaguliwa vizuri, lakini chini yake kulikuwa na mistari minne ya kuifafanua. Nikamuuliza imekuwaje. “Mjomba,” akanijibu, “nisipoeleza, watu wanapita tu.”