Alama Ndogo Pembeni ya 1010

Ndani ya programu ya takwimu iitwayo survival mna orodha ya wagonjwa 228 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kukomaa, waliofuatiliwa katika utafiti mmoja wa Marekani. Ukiiagiza kompyuta ikuonyeshe siku za kila mmoja, inaanza hivi: 306, 455, 1010+, 210, 883, 1022+. Mgonjwa wa kwanza alifariki siku ya 306. Wa tatu alikuwa hai alipoonekana mara ya mwisho, siku ya 1010. Yaliyompata baadaye hayajulikani, na alama ile ya kujumlisha inasema hivyo tu, bila kuongeza neno.

Aliyeiandika programu hii ni Terry Therneau, mtaalamu wa takwimu za tiba wa Mayo Clinic, Rochester, Minnesota. Aliianza 1985 katika uchambuzi wa data za kitabibu, wala hakutazamia kwamba ingekuja kuwa programu ya umma. Mwanatakwimu Thomas Lumley aliitoa kwenye lugha ya kompyuta iitwayo S akaihamishia kwenye nyingine, R, na leo huja pamoja na R yenyewe, bure, msimbo wake wazi kwa kila mtu.

Katika wale 228, 63 walikuwa hai walipoonekana mara ya mwisho. Ukiwatupa, ugonjwa utaonekana mkali kuliko ulivyo. Ukiwaandika kuwa walikufa siku hiyo, umesema uongo. Wanatakwimu Kaplan na Meier walitoa njia mwaka 1958: kila mgonjwa ahesabiwe miongoni mwa walio hatarini mpaka siku yake ya mwisho kuonekana, kisha aondoke kwenye hesabu. Ushahidi wake unatumika wote, na hasingiziwi kifo. Kwa njia hiyo, inakadiriwa kuwa nusu ya wagonjwa hao walivuka siku 310.

Kanuni hizo zimo vitabuni. Ufundi wa Therneau unaonekana pale vitabu vinaponyamaza. Chukua wagonjwa wawili waliofariki baada ya siku zilezile. Mtafiti akigeuza siku kuwa miaka, kisha akatoa umri wa kuanza kwenye umri wa kumaliza, kompyuta huweza kuwatofautisha kwenye tarakimu ya mwisho kabisa ya desimali. Hapo mmoja anaonekana kumtangulia mwenzake kufa, na majibu yanayumba. Therneau aliliona hilo, akaifundisha programu kuwarudisha pamoja, kisha akaandika maelezo ya sababu.

Kuna pia waraka ambamo amechukua data chache mno, watu wa kuhesabika kwa vidole, akakokotoa majibu hatua kwa hatua kwa kanuni zenyewe, ndipo akayalinganisha na yanayotolewa na programu. Matokeo ya utafiti wa saratani huamua dawa ipi iendelee kutolewa na ipi iachwe. Kwa hiyo anayeyatilia shaka, awe Rochester au Dar es Salaam, haombwi kumwamini Therneau. Kanuni anazo, msimbo anao: akae, ahesabu mwenyewe.